Kambale anavumilia maji mabaya, mtoto wako havumilii

Ukipita kwenye soko lolote la Same, iwe mjini, Makanya au Ndungu, utasikia habari mbili za kambale zisizopatana. Ya kwanza inasema kambale anaongeza damu, kwa hiyo mjamzito na mtoto wapewe. Ya pili inasema kambale ni mla uchafu, na siku hizi wale wa kufugwa wanachomwa sindano, kwa hiyo mtoto asionjeshwe. Wazazi huja na habari zote mbili kliniki, na wengi hutaka daktari achague moja.

Sitachagua. Kila moja ina nusu ya ukweli. Kambale ni chakula kizuri cha mtoto. Kambale huyohuyo anaweza pia kubeba kitu kibaya mwilini bila kuonyesha dalili yoyote. Tofauti inatokana na mambo matatu: maji alimokulia, chakula alichopewa na moshi uliomkausha. Watafiti wameyachunguza mambo hayo kwa miaka mingi, lakini mnunuzi wa Same hakuambiwa, na kwa maoni yangu kosa si lake.

Samaki anayependwa na watafiti

Jina la kisayansi la kambale wetu ni Clarias gariepinus. Aliandikwa kwa mara ya kwanza na Mwingereza William Burchell mwaka 1822, baada ya safari zake za Afrika Kusini. Neno gariepinus limetokana na Gariep, jina la wenyeji la Mto Orange. Kambale wa huku kwetu aliitwa kwa muda mrefu Clarias mossambicus, mpaka wataalamu walipolinganisha samaki hao na kuona ni aina moja, kuanzia Mto Nile hadi Afrika Kusini. Kwa hiyo utafiti uliofanywa Nigeria au Misri unamhusu pia kambale anayeuzwa Hedaru.

Sisi watu wa Upareni tuna kambale pande zote mbili za milima. Magharibi kuna Mto Pangani na Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 na kuwekewa mitambo ya umeme ya megawati 8. Miaka ya 1970 wanasayansi walilichunguza bwawa hilo, wakachapisha matokeo mwaka 1978, na kambale alikuwa miongoni mwa samaki walioorodheshwa pamoja na perege. Mashariki, kwenye bonde la Mkomazi, kuna Bwawa la Kalemawe. Siku hizi kuna pia watu wanaochimba mabwawa madogo nyuma ya nyumba.

Watafiti wanampenda kambale kwa sababu anakua haraka, anakula karibu kila kitu na hafi ovyo. Mwaka 1996 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa kitabu kizima cha mwongozo wa kumzalisha na kumfuga katika Afrika kusini mwa Sahara. Nchini Nigeria ufugaji wake umekuwa biashara kubwa kuliko kwingine kote Afrika. Lakini ukizisoma tafiti hizo, utaona nyingi zinajibu maswali ya mfugaji: mayai yanaanguliwaje, chakula kichanganywe vipi, samaki afikishe uzito gani kwa miezi mingapi. Hayo ni maswali ya maana. Mama anayemlisha mtoto wa miezi minane ana maswali mengine, na majibu yake yametawanyika kwenye majarida ambayo hayafiki zahanati ya Chome wala ya Vudee.

Kupumua hewa ni kipaji, na kinatudanganya

Kambale ana matamvua kama samaki wengine, lakini juu ya matamvua hayo ana kiungo cha ziada chenye matawi madogo mengi kama kichaka. Kiungo hicho kinachukua oksijeni moja kwa moja kutoka hewani. Ndiyo maana unamwona akipanda juu ya maji, anagugumia hewa na kuzama tena. Ndiyo maana pia anaweza kukaa kwenye tope maji yanapokauka, na usiku wenye unyevu akajikokota nchi kavu kutafuta dimbwi jingine.

Kwa mfugaji huo ni uvumilivu. Kwa daktari ni jambo la kuulizia. Maji yakichafuka mpaka oksijeni ikapungua, perege hufa na kuelea juu. Perege akifa ametoa taarifa, na kila mtu anajua maji yameharibika. Kambale hatoi taarifa hiyo. Anaweza kuishi kwenye mtaro, kwenye bwawa la majitaka, kwenye dimbwi linalopokea maji ya shamba lililopuliziwa dawa. Kambale anayerukaruka kwenye beseni la muuzaji anathibitisha kwamba hajaoza. Hathibitishi kwamba alitoka kwenye maji safi.

Hapa tutenganishe mambo, kwa sababu neno "uchafu" limebeba vitu vingi. Ni kweli kambale anakula wadudu, konokono, samaki wadogo, majani na hata mizoga. Vyakula hivyo tumbo lake linavivunja na kuvigeuza kuwa nyama, kama kuku anavyokula mende na sisi tukamla kuku bila wasiwasi. Hilo lisimtishe mtu.

Vijidudu vya magonjwa ni jambo la pili. Hivyo hukaa zaidi kwenye utumbo, matamvua na ule ute wa ngozi. Wakati mwingine unaweza pia kukuta vijifuko vya manjano au minyoo ndani ya samaki. Utumbo ukiondolewa bila kupasuka, ute ukasuguliwa kwa chumvi au majivu, na nyama ikaiva mpaka iachie mfupa, hatari hiyo inakwisha. Samaki mbichi au aliyeiva nusu ndiye mwenye tatizo.

Jambo la tatu ndilo zito. Kuna vitu ambavyo tumbo la samaki halivunji na moto wa jikoni hauondoi. Mfano mkubwa ni zebaki. Ikiingia majini, bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa aina inayonata mwilini. Wadudu wadogo wanaibeba, samaki wadogo wanakula wadudu hao, na samaki mkubwa anakula samaki wadogo. Kila hatua kiwango kinapanda. Kwa hiyo kambale mkubwa aliyeishi miaka mingi akila wenzake hubeba zaidi kuliko kambale mdogo wa maji yaleyale.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini. Kilichowashtua madaktari zaidi ni watoto wachanga: walizaliwa na ubongo ulioharibika, wakati mama zao walikuwa na dalili ndogo au hawakuwa nazo kabisa. Mtoto aliye tumboni huumia kwa kiwango ambacho mtu mzima anakivumilia. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania ni mwanachama. Kwetu zebaki bado inatumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwa mfano mkoani Geita. Samaki husafirishwa. Anayekula Same si lazima awe amevuliwa Same.

Upareni tumejaliwa tangawizi, na wapishi wetu wa Mamba Myamba wanajua kuitumia. Tangawizi inaondoa shombo. Haiondoi zebaki. Limao nalo vivyo hivyo.

Kumnyima mtoto samaki nako ni madhara

Baada ya maelezo hayo, mzazi anaweza kuamua kambale asiingie tena nyumbani kwake. Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu hofu nayo ina gharama yake.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Ubongo wake nao ulikosa vitu ulipokuwa unavihitaji zaidi. Ukiangalia sahani za watoto wengi utaona ugali, uji, ndizi na mchuzi. Tumbo linajaa, lakini protini, madini ya chuma na vitamini B12 ni haba.

Kambale anajaza pengo hilo vizuri. Katika gramu 100 za nyama yake mbichi kuna protini ya gramu 15 hadi 18 hivi, na ni protini kamili. Ana vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mahindi wala maharage. Ana mafuta yanayosaidia ubongo, ingawa si mengi kama ya samaki wa baharini. Miiba yake midogo ni michache kuliko ya perege, jambo linalompunguzia wasiwasi anayemlisha mtoto.

Je, anaongeza damu? Anasaidia, ila kwa njia ambayo wengi hawaijui. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama yake si mengi kama ya maini. Lakini nyama ya samaki ikiliwa pamoja na maharage au mboga za majani, inausaidia utumbo kufyonza chuma kilichomo kwenye mimea hiyo, ambacho kwa kawaida hupotea kwa sehemu kubwa. Sasa fikiria makande yetu. Mahindi na maharage peke yake yana chuma ambacho mwili unakipata kwa shida. Ongeza kipande cha samaki na chungwa au embe baada ya kula, na uiache ile chai ya baada ya chakula, maana majani ya chai yanazuia chuma kufyonzwa. Chakula ni kilekile, lakini mtoto anafaidika zaidi.

Hata hivyo kambale si tiba. Mtoto aliyepauka viganja, au mjamzito anayeishiwa pumzi akipanda kilima, anatakiwa apimwe damu. Inawezekana ni malaria, ni minyoo, ni selimundu. Mjamzito aendelee na vidonge vyake vya FEFO anavyopewa kliniki. Samaki havifuti vidonge hivyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama: nyama, samaki au yai. Mwaka 2010 wataalamu walioitwa na FAO na WHO walikutana Roma kupima faida na hatari za samaki. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mama anayekula samaki wakati wa ujauzito na kunyonyesha anampunguzia mtoto hatari ya ubongo kutokukua inavyopaswa, ukilinganisha na mama asiyekula samaki kabisa. Walijua habari za zebaki, na bado wakasema hivyo. Kwa hiyo tusiache samaki. Tujue kumchagua.

Sindano, mbolea ya kuku na dawa

Sasa nije kwa kambale wa kufugwa. Habari ya sindano ni ya kweli, lakini imefika sokoni bila maelezo. Kambale akiwa bwawani hatagi kwa urahisi, maana kwa asili hungoja mvua na mafuriko. Kwenye vituo vya kuzalishia vifaranga, samaki jike huchomwa homoni inayomfanya apevushe mayai usiku huo. Kesho yake mayai hukamuliwa, huchanganywa na mbegu za dume, na huanguliwa baada ya siku moja hivi. Homoni hiyo huvunjika mwilini, na aliyechomwa ni samaki mzazi anayebaki kituoni. Kifaranga aliyetoka kwenye yai, akalishwa miezi kadhaa mpaka akafika sokoni, hakuchomwa kitu. Kwa hiyo sindano isikunyime usingizi.

Kinachonihangaisha mimi ni vitu viwili vingine. Cha kwanza ni kujenga banda la kuku juu ya bwawa, au kumwaga kinyesi cha kuku na matumbo ya machinjioni ili samaki wale. Chakula cha samaki ni ghali, na namwelewa mfugaji anayetafuta nafuu. Lakini kuku wengi hupewa antibayotiki, na kinachotoka kwa kuku huenda bwawani. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliochunguza mabwawa ya Tanzania na Pakistan ambako samaki walifugwa pamoja na mifugo mingine. Watafiti walikuta humo bakteria wenye vinasaba vya usugu dhidi ya dawa kadhaa za antibayotiki. Hizo ni dawa za makundi yaleyale tunayowaandikia watoto wenye nimonia au maambukizi ya mkojo.

Cha pili ni mfugaji mwenyewe kumwaga dawa za binadamu bwawani samaki wanapougua. Bwawa la namna hiyo linafundisha bakteria kuishi na dawa. Siku mtoto wa jirani akipata bakteria hao, dawa ya kwanza haitafanya kazi, na ya pili huenda isipatikane kwenye kituo cha karibu. Samaki wakiugua, mwite afisa uvuvi au daktari wa mifugo. Duka la dawa la binadamu si mahali pa kuanzia.

Kama unafuga nyumbani, lishe kwa chakula kilichotengenezwa: pumba, mashudu, dagaa waliosagwa, mahindi yasiyo na ukungu. Na zungushia bwawa uzio. Hilo nalisisitiza kama daktari wa watoto na wazazi: bwawa la kina cha mita moja linatosha kumzamisha mtoto wa miaka miwili wakati mama amegeuka kuchochea moto.

Moshi nao una hesabu yake

Kambale wengi hufika milimani wakiwa wamebanikwa. Ni njia nzuri ya kuhifadhi, na bila hiyo watu wa Suji na Chome wasingemwona samaki wa bwawani mara kwa mara. Tatizo liko kwenye aina ya moto.

Mafuta ya samaki yanapodondokea kwenye makaa, na kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha, moshi unabeba kemikali zinazogandia juu ya ngozi ya samaki. Mojawapo inaitwa benzopairini, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo ya samaki wa moshi. Tafiti kadhaa za samaki waliobanikwa kienyeji Afrika Magharibi zimekuta viwango vinavyozidi kikomo hicho. Anayeumia kwanza ni mama anayebanika, ambaye anavuta moshi huo saa nyingi huku amembeba mtoto mgongoni.

Dawa yake ipo. FAO na kituo cha mafunzo ya uvuvi cha Senegal walibuni tanuri liitwalo FTT-Thiaroye, ambalo lina sinia la kukinga mafuta yasidondokee motoni, na mafundi wa kawaida wanaweza kulijenga. Vikundi vya akina mama wanaobanika samaki karibu na mabwawa yetu wangefaidika nalo wao na wateja wao. Wakati tunalisubiri, wabanikaji wasiwashe moto kwa plastiki, matairi wala mbao zilizopakwa rangi. Mnunuzi naye amwache samaki aliyekuwa mweusi kama mkaa, na nyumbani avue ngozi kabla ya kumpikia mtoto, kwa sababu sehemu kubwa ya kemikali hizo iko juu.

Wagonjwa wa presha, moyo na figo wawe macho na samaki aliyekaushwa kwa chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mloweke samaki wa chumvi usiku kucha, mwaga maji, mloweke tena, na usiongeze chumvi kwenye mchuzi. Mgonjwa wa figo azungumze kwanza na daktari wake kuhusu kiasi cha protini.

Kwa wasiokula kambale

Upare ina Waadventista wengi, na kanisa hilo lipo kwenye milima hii tangu mwaka 1903. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, kinaruhusu samaki wenye mapezi na magamba. Kambale ana mapezi, hana magamba. Familia nyingi hazimli, na hakuna sababu ya kitabibu ya kuzibughudhi. Namwomba mhudumu wa afya anayetoa somo la lishe asimseme kambale kana kwamba ndiye samaki pekee. Perege ana magamba, dagaa wapo dukani, yai lipo, maini ya kuku yapo. Dagaa, kwa kuwa huliwa na miiba yake, humpa mtoto madini ya kalsiamu kuliko kambale. Mtoto hatadumaa kwa kukosa kambale. Atadumaa akikosa vyote.

Ninachoidai halmashauri

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa kuvulia. Nchi zetu zilihangaika, ukaguzi ukaimarishwa, na leo tuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki Nyegezi, Mwanza. Sangara anayekwenda ng'ambo hupimwa, na anayemla huko anajua kuna mtu aliyempima kwa niaba yake.

Mtoto wa Same anastahili heshima hiyohiyo. Tuna Shirika la Viwango (TBS), lenye jukumu la usalama wa chakula tangu 2019. Tuna Mkemia Mkuu wa Serikali. Tuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Ninachodai ni kitu kidogo: samaki wa Nyumba ya Mungu, wa Kalemawe na wa sokoni Same wachukuliwe sampuli kila mwaka, wapimwe zebaki, viuatilifu na kemikali za moshi, na majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, zahanati na sokoni, kwa Kiswahili ambacho mama mwenye darasa la saba atakielewa. Afisa uvuvi na mganga mkuu wa wilaya wako chini ya halmashauri moja. Wakikaa meza moja mara moja kwa mwaka, kazi hiyo inafanyika.

Najua litaulizwa suala la fedha. Jibu langu ni kwamba kupima samaki ishirini ni rahisi kuliko kumtunza mtoto mmoja aliyeharibika ubongo kwa maisha yake yote. Na kama samaki wetu ni salama, kama ninavyoomba iwe, basi karatasi hiyo ubaoni itawasaidia wavuvi kuliko tangazo lolote la biashara.

Mpaka siku hiyo, mzazi, kazi ya kuuliza ni yako. Muulize muuzaji samaki ametoka maji gani, na kama ni wa kufugwa, alilishwa nini. Mwangalie rangi ya moshi. Chagua kambale wa wastani, si yule mkubwa kuliko wote mezani, hasa kama ni wa mjamzito au mtoto mdogo. Tupa utumbo, matamvua na ini, kwa sababu ini ni mojawapo ya viungo vinavyokusanya sumu. Mpike aive. Kwa mtoto wa miezi sita kwenda juu, chambua miiba kwa vidole vyako mwenyewe, ponda kipande cha ukubwa wa kibiriti na kichanganye na chakula chake. Badilisha: leo kambale, kesho maharage na yai, keshokutwa dagaa. Kubadilisha chakula kunampa mtoto virutubisho tofauti na kunapunguza sumu ya chanzo kimoja kurundikana mwilini.

Na kama muuzaji hajui samaki wake katoka wapi, usigombane naye. Siku hiyo nunua mayai.